Jibu la Mwenzangu

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mtihani wa mdomo wa Kilatini, na mimi nimewahi kukimbizwa na fisi. Nilikuwa kidato cha pili katika seminari ndogo upande wa Bariadi, na aliyefeli Kilatini mwaka ule alirudishwa kwao moja kwa moja. Kwetu Ipililo baba alishachinja dume kwa furaha, na mayu, mama yangu, alishaanza kuitwa mama padri. Ningerudi na sura gani?

Kilatini, pamoja na majivuno yake yote, kina mapengo. Kwa vitenzi vingi hakina umbo la kusema "akiisha kuchuma". Inabidi uzunguke: ama uigeuze sentensi, "pamba ikiwa imeshachumwa", ama uanze na "cum", yaani "alipokuwa amekwisha kuchuma". Padri aliyetufundisha, Msukuma mwenzetu, alitukaririsha hayo katika shamba la seminari, kama watu wanavyolima kwa kikundi kwetu. Yeye anaita sentensi, sisi tunaitikia kwa pamoja huku majembe yakishuka. Anayechelewa kuitikia anachekwa kuwa mvivu. Midomo yetu ikazoea kutangulia.

Siku ya mtihani alikuja mtahini mgeni, padri mzee asiyetabasamu. Tuliingia wawili wawili, mmoja anaulizwa, mwingine anasubiri kwenye benchi. Niliingia na rafiki yangu wa Mwanhuzi, aliyelala kitanda cha juu yangu.

"Baba, akiisha kuchuma pamba, alirudi nyumbani," mtahini akamwambia. "Haya, kwa Kilatini."

Rafiki yangu akanyamaza. Kimya kile kilinishinda.

"Gossypio lecto, pater domum rediit!" niliitikia, kwa sauti ileile ya shambani.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Nani ameulizwa?"

Nikatolewa nje. Kusaidiana kwenye mtihani ilikuwa kufukuzwa, hakuna mjadala. Nilisali, na nakiri ilikuwa sala ya mbinafsi: Mungu, nisirudi Ipililo. Rafiki yangu sikumtaja.

Nilipoitwa ndani nilieleza yote, majembe na kuitikia. Padri wetu, aliyeitwa pia, akasema kosa ni la mtindo wake. Mtahini akanipa sentensi tatu nyingine, nikazijibu, nikapona. Sentensi ya rafiki yangu ikahesabiwa kuwa haikujibiwa, na alifeli kwa sentensi hiyo moja.

Wiki iliyofuata nilimsaidia kufunga sanduku lake kwenye baiskeli ya kumpeleka Dutwa kupanda basi. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza.

"Sikunyamaza, ndugu yangu," akasema, akikaza kamba. "Nilikuwa nameza mate nijibu."