Sanduku la Barua la Virginia

Virginia alikuja kuniomba kazi akiwa na cheti cha kompyuta na kikombe chake mwenyewe, kwa sababu hakuamini vikombe vya watu. Mimi ni Mureithi, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kitengela, nyuma ya wauza mbao. Kwa miaka saba Virginia alikaa mezani kwangu akiwajazia watu fomu, wala hakukosea tarehe hata moja. Aliyekosea ni mimi, na nitasema wapi.

Wateja wetu wengi hawakuwa na barua pepe. Mfugaji anatoka Isinya, fomu inamdai anwani, na nyuma yake foleni imefika mlangoni. Ukimfungulia anwani yake, neno la siri atalisahau kabla hajafika stejini kupanda matatu. Nikamwambia Virginia, "Wewe weka yako, twende haraka." Saiba nyingi mjini zilifanya hivyo. Akaweka yake. Ramani za mashamba, vyeti, barua za shule, zote zikaingia katika sanduku lake, nami nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: KARATASI HUUNGUA, HAPA HAIUNGUI. Nilijiona mwerevu kweli.

Siku hizi ana kazi nyingine, ingawa bado anakaa kona ileile kwa ajili ya intaneti yangu. Anaiandikia kampuni moja ya ng'ambo maelezo ya zana za mawakala wa akili mnemba, yaani zile programu zinazotumwa kazi kama karani: soma barua, jibu, panga miadi. Programu haijui zana ni ya nini mpaka isome maelezo. Alichoandika Virginia, kwake ndiyo sheria. Alinieleza hayo akicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka huu, mvua zilipoisha, walimpa aieleze zana ya kufuta barua kabisa. Si kuitupa kwenye takataka ambako kesho unaweza kuichokora, kabisa. Aliandika sentensi tano. Ya nne ilisema: "Kabla ya kufuta, muulize mwenye barua." Msimamizi wake akajibu kwamba wateja wamechoka kuulizwaulizwa, aitoe. Virginia alishika kikombe chake mpaka chai ikapoa. Kisha akaitoa. Simlaumu, mtu hula kwa kazi yake, lakini niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Maelezo yalihitaji mfano. Virginia hawezi kubuni mfano. Kwake huo ni uongo. Akaifungulia programu sanduku lake la zamani, akaiandikia: "Futa kabisa kila barua ya zamani isiyo na jina langu ndani." Alidhani humo mna matangazo ya maduka tu. Wale wateja alikuwa amewasahau, nami pia. Zilipita sekunde tisa. "Barua 4,112 zimefutwa. Haziwezi kurudishwa." Akalinakili jibu hilo kwenye ukurasa wake wa maelezo, akautuma, akaenda kununua viazi karai.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, Mzee Kakuta, mteja wetu wa zamani, akaingia.

"Sopa, Mureithi," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee. Karibu."

"Niko na kesi Kajiado, Alhamisi. Mtu amepiga fensi ndani ya shamba yangu. Nataka ile ramani ya mpima ardhi na ile barua ya kamati ya ardhi. Zile mtoto yangu Virginia aliniwekea kwa kompyuta."

"Na zile karatasi zako za nyumbani?"

"Mchwa ilikula. Sikujali. Nilijua ziko hapa."

Mpima ardhi mwenyewe tulimzika mwaka juzi. Ekari arobaini za mzee hazikuwa na shahidi mwingine.

Virginia akafungua sanduku. Akatafuta jina la Kakuta. Hakuna. Akatafuta ramani. Hakuna. Akaiandikia programu irudishe barua. Ikamjibu kwa maneno aliyoyajua, kwa kuwa aliyaandika yeye: "Barua iliyofutwa kwa zana hii haipo tena popote."

"Aki bosi," akaninong'oneza, "haikuniuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba ile sentensi aliitoa kwa mkono wake. Nikakumbuka ni nani aliyemwambia aweke anwani yake. Chini ya meza nina daftari tulimoandika majina ya watu waliotumia anwani hiyo. Nikalivuta. Kurasa thelathini na moja. Hodo wa duka la nguo, cheti cha kuzaliwa cha bintiye Ilhan. Mwololo, barua ya mkataba wa shamba. Kakuta alikuwa wa kwanza tu kuja. Na ule ukurasa, bila sentensi ya nne, ulikuwa tayari unasomwa na programu za watu tusiowajua, kwenye masanduku tusiyoyajua.

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo magotini, akiitazama printa. Virginia akaenda akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote kwa mpango, bila kuruka hatua, vile anavyoandika. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Aliinua fimbo taratibu, akaielekeza ukutani, kwenye yale maneno mekundu ambayo siku alipoleta ramani nilimsomea mimi mwenyewe.

"Mureithi," akasema, "si wewe ulisema hapa haiungui?"