Nilivyolipokea Jitu Letu Jipya

Mimi ni sekyuriti wa geti la chuo kimoja hapa ughaibuni, mtaa wa Al Qusais. Wiki nzima sisi mashabiki wa basketi tulimjadili mchezaji mpya anayehamia kwetu.

"Ati akisimama tu anashika ringi!" aliapa Wanjiru wa kantini.

Siku ya mechi likaja jitu na begi. Kwa furaha sikuuliza hata kitambulisho. Nikalisindikiza hadi uwanjani, nikilinong'oneza: "Bro, goti la kushoto la kapteni wetu ni bovu. Mlinde upande huo."

Likavua koti. Mungu wangu, jezi ya wageni!

Nikasimama kando ya supavaiza wangu, mechi ikaanza. Jitu likampita kapteni kushoto, likafunga, likanipungia mkono: "Shukran, sekyuriti!"

Supavaiza akanigeukia polepole.