Ua la Mama na Ndoo ya Maji

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kwenda likizo kwa ajili ya maua yake. Ana makopo tisa sebuleni, na moja lina ua aliloachiwa na marehemu mama yake. Sasa bintiye anayeishi mbali kamzalia mjukuu wa kwanza, na wifi hakaliki.

"Wiki mbili niwe huko, wifi. Ua la mama likinifia je?"

Akabuni jambo. Akaweka ndoo ya maji juu ya kigoda katikati ya makopo, kisha akavuta nyuzi kutoka ndani ya maji mpaka kwenye kila kopo. Alichagua uzi wake imara kuliko wote, ule wa kushonea mabegi. Kesho yake udongo ulikuwa mkavu kama unga.

"Fundi gani wewe?" nikamtania. "Kila siku unawaambia wateja nailoni hainywi jasho. Maji ndiyo itayanywa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tukasokota mabaki ya vitambaa vya pamba, tukayaweka badala ya nyuzi, na asubuhi ya safari udongo wote ulikuwa umelowa. Tukaomba dua, akaondoka.

Siku aliyorudi hakuvua hata viatu. Ndoo ilibaki na maji ya kina cha kidole, na ua la mama lilikuwa limechipua majani mawili mapya, laini kama sikio la kichanga. Akampigia bintiye simu papo hapo.

"Mwanangu, Mungu ni mwema. Na bibi yako huku kapata mapacha."