Vidonge vya Sandarusi

Ti. Ndivyo kilivyolia kidonge kilichokauka vizuri, Zuleha alipokidondosha juu ya sinia la shaba. Kibichi hakikulia, kilitua kama tope. Waliokuja barazani kwake kutafuta dawa ya homa, wengine kutoka mbali huko Nyakakika, walizoea kungoja mlio ule kabla ya kunyoosha mkono.

Zuleha alizaliwa Karagwe, jirani na Bweranyange, katika nyumba za wafanyabiashara Waislamu ambao baba zao walitoka pwani kufuata pembe za ndovu. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Aliijua kwa vitu: mkeka, marashi, udi. Nyumbani kwao kilichotoka pwani kiliwekwa juu, na cha hapa kiliwekwa popote.

Wadachi walipoleta kwinini, ule unga mweupe mchungu, wagonjwa waliutapika kabla haujashuka. Zuleha akautafutia nguo. Alichukua utomvu wa mgunga, ule ambao watoto wa wachungaji huutafuna machungani, akauloweka hadi ukawa mzito kama uji, akakandia unga ndani yake. Kisha akaviringisha vidonge vidogo na kuvianika kivulini. Vilipita ulimini kimya, vikayeyuka tumboni.

Mwaka ule Ramadhani iliikuta homa imekwisha kumlaza mumewe, Abdulatifu, muuza nguo. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa si amri," akajibu, meno yakigongana. Kisha akamwambia mkewe, "Nitengenezee vidonge vya kukaa. Nikimeza daku, vinishike mpaka magharibi."

"Utomvu haukai hivyo, Abdu. Unayeyuka mapema."

"Basi vivike kitu cha maana. Utomvu wa porini ni chakula cha mbuzi."

Alicheka, na Zuleha naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa siku nyingi hajamsikia akicheka. Dukani mlikuwa na sandarusi, ule utomvu mgumu wa pwani wa kung'arishia mbao, bonge la rangi ya asali lililokuja na msafara. Alilitwanga, akaliyeyusha katika mafuta ya ufuta yaliyochemka, akachovya humo vidonge vyote vya kwinini iliyobaki. Vikatoka vinang'aa kama ushanga. Abdulatifu alikishika kimoja, akakielekeza kwenye mwanga.

"Hiki sasa ni kidonge cha watu," akasema.

Akawa anavimeza kila daku. Homa haikushuka. Macho yaliingia ndani, mkojo ukawa mweusi kidogo, na ikafika siku akamwita Zuleha kwa jina la dada yake aliyekufa. Zuleha alidhani unga umeoza. Alidhani kuna jicho la mtu. Aliongeza vidonge, akaongeza dua.

Aliyemsaidia kumuuguza alikuwa jirani yake Kokugonza, Mnyambo, mwenyeji wa pale, mwanamke wa maneno mengi. Asubuhi moja alirudi kutoka migombani, alikokwenda kumwaga chungu cha choo cha mgonjwa, ameshika jani la mgomba mkononi.

"Shikamoo, Mama. Njoo uone mgeni wenu."

"Marahaba. Mgeni gani?"

Kokugonza akalifunua jani. Vidonge vilikuwa humo, amevisuuza, vinang'aa vile vile.

"Mgeni gani huyu, anaingia nyumbani kwa watu, anapita vyumba vyote, anatoka bila kuvua hata kanzu?"

Zuleha hakucheka. Alileta bakuli la maji ya uvuguvugu, akatia kimoja cha sandarusi, na pembeni kipande cha utomvu wa mgunga. Wakakaa kulitazama. Utomvu ulilainika, ukaacha wingu ndani ya maji. Kidonge kilibaki kama jiwe mtoni.

"Ni mimi," akasema Zuleha.

"Ni wewe nini?"

"Niletee utomvu. Wowote ulio nao."

Kokugonza alikwenda mbio. Zuleha akaketi na kisu kidogo, akabandua maganda ya sandarusi ya vidonge vilivyosalia, moja moja, akikusanya unga juu ya kitambaa. Mwingi ulipotea pamoja na maganda. Uliobaki aliukanda na utomvu, na hakuwa na muda wa kuuanika. Alipoingia chumbani na vidonge vibichi na kikombe cha maji, jua lilikuwa utosini.

Abdulatifu aligeuza uso ukutani.

"Nimekwisha meza vya daku. Vimo ndani vinafanya kazi. Ngoja magharibi."

"Havimo."

"Nimevimeza mbele yako, mwanamke."

"Na vyote vimetoka vizima. Kokugonza amevileta juu ya jani. Sandarusi haiyeyuki tumboni, Abdu. Siku zote hizi nimekulisha mawe, na kwinini nyingine sina ila hii."

Abdulatifu aligeuka. Mtu aliyejivunia saumu yake kuliko duka lake, akamtazama mkewe, akaona vidole vyake vilivyokatwakatwa na kisu.

"Saumu hii nitailipa ukiniponya," akasema, akafumbua kinywa.

Vidonge vibichi vilimkwama. Akakohoa, akanywa maji, vikashuka. Akalala chali, amefumba macho, pumzi fupi fupi. Zuleha aliweka kiganja juu ya tumbo lake lililowaka moto, akainama mpaka midomo ikakaribia ngozi, asisikie mtu, hata yeye Abdulatifu.

"Yeyuka," akasema.