Kaburi la Mbele ya Nyumba

Kwetu Kamachumu marehemu huzikwa ndani ya kibanja, migombani. Mke wangu alipofariki, nilikataa. Nilitaka alale mbele ya nyumba, kando ya barabara, kaburi liwekewe vigae vyeupe ili kila apitaye kwenda Muleba alione. Kaka yake alinivuta pembeni.

"Muramu," alisema, ndivyo tunavyoitana mashemeji, "dada yangu si kibao cha duka."

Sikumsikiliza.

Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi, na mvua ikinyesha malori ya kahawa yalikwama. Kwenye mkutano wa kijiji mimi ndiye niliyesimama kudai lami. Nilisema serikali ikitaka kuipanua, ipanue. Nilipigiwa makofi. Sikuwaza kwamba upana huo ungefika kwenye vigae vyangu.

Wapimaji walipokuja, mmoja alichora X nyekundu juu ya kaburi, kama walivyochora kwenye kuta za maduka. Mhandisi alinieleza kwa upole kuwa liko ndani ya hifadhi ya barabara, lihamishwe kabla greda halijafika. Lakini ndugu wa marehemu lazima waridhie.

Siku ya kuhamisha, shemeji alitoka Bukoba, akaketi juu ya kaburi, fimbo magotini. Greda lilikuwa linanguruma kwenye kona ya chini. Afisa afya alisimama kando akiwa amevaa glavu.

"Mzee wangu, tunaomba usimame," mhandisi alisema.

"Nimekaa kwa dada yangu. Wewe hapa umekuja kwa nani?"

Shemeji akaninyooshea fimbo.

"Mwulizeni mwenye lami yake. Si alipigiwa makofi?"

Majirani walicheka, kisha wakaacha. Niliogopa kwamba angekataa, na chuma kile kingempitia mke wangu. Nikavua kofia.

"Muramu, ulinikataza. Nilimweka hapa kwa ajili ya macho ya watu, si kwa ajili yake. Naomba nimrudishe migombani."

Greda lilizidi kusogea.

"Na vigae?" shemeji akauliza.

"Hapana. Udongo tu, na maua aliyoyapenda."

Akasimama taratibu, akachukua sururu kwa kibarua mmoja, akanipa.

"Basi anza wewe."

Nilipiga. Vigae vikapasuka. Shemeji akainama, akaokota kipande chenye rangi nyekundu, akakitupa barabarani.