Vifaru vya Masimba na Nta ya Tabaka

Sisi tuliokua wakati televisheni zilikuwa na kichogo tunakijua kile chumba cha Masimba, nyuma ya poshomili. Ukuta mmoja tu ulitenganisha mahindi na gemu. Upande huu kinu kilinguruma. Upande ule watoto tulibanana juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali, macho yote kwenye kioo kidogo cha picha nyeusi na nyeupe. Hewa ilinuka unga wa moto na miguu iliyotoka shule bila viatu. Kila mwenye kinu alipowasha mota, umeme ulipungua na picha ikajikunja kama chapati, nasi tukapiga kelele, "Zima! Zima!" Hakuwahi kuzima hata siku moja. Tukajifunza kucheza picha ikiwa imekunjwa.

Mimi na kaka yangu Mogaka tulikwenda huko siku za soko, mama akiwa soko la Daraja Mbili kuuza ndizi. Kabla ya kuondoka alitoa amri: "Nikirudi nikute chinsaga imechumwa na ng'ombe ameshiba." Tuliichuma mboga hiyo chungu kwa kasi ya ajabu, majani pamoja na mashina, kisha tukakimbia. Jioni mama alitazama ndani ya sufuria akasema, "Leo mmechuma kama mbuzi." Hakuuliza zaidi. Unga wa poshomili ulikuwa umetujaa nywele, kwa hiyo nadhani alijua kila kitu.

Mchezo wetu ulikuwa wa vifaru vya vita. Vifaru viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, vililinda ngome dhidi ya maadui walioshuka kutoka juu ya kioo. Mtu hakuweza kuilinda peke yake. Mmoja alishika kushoto, mwingine kulia, na mkikosa kuelewana ngome ilianguka kabla hujakohoa. Mogaka, kwa kuwa alikuwa mkubwa, ndiye aliyekuwa jenerali. "Wewe kaa kulia," aliniambia. "Usihame hata ukiona malaika." Nilihama kila mara, na kila mara nilipigwa kiwiko.

Mashine ilipokataa kuwaka hatukuita fundi. Fundi alikuwa Mogaka. Aliichomoa kaseti ya mchezo, akaifuta kwenye kaptula, akaipuliza kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayepiga kinanda cha mdomo, akairudisha taratibu. Ikiwaka, alipigiwa makofi. Isipowaka, walisema amekula vitunguu. Siku hizi kijana akiona mashine haiwaki anauliza kama chaji imeisha. Akiambiwa haitumii chaji kabisa, anaitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mzee asiye na simu.

Nimeanza na hayo ili uelewe kwa nini mtu wa umri wangu alijikuta amepiga magoti mbele ya gemu ya watoto.

Tangu baba afariki na shamba la majani chai ligawanywe, mimi na Mogaka tulikuwa tukisalimiana kupitia kwa mama. Kuna safu moja ya michai inayopita mpakani, na kila mmoja wetu anasema ni yake. Yeye anaishi Nakuru. Akija nyumbani aliingia kwa mama, akala, akaondoka; mlangoni kwangu hakupita. Kisha mwaka huu mama akamwita aje kula chakula cha mchana siku ya Jumapili, na akataja wazi kwamba chakula kitakuwa nyumbani kwangu. Jibu aliniletea mama mwenyewe.

"Amesema atakuja. Lakini ukitaja shamba, anainuka."

"Sasa tutaongea nini, mama?"

"Mlikuwa mnaongea nini mkiwa wadogo?"

Swali hilo lilinipeleka Tabaka, kwa wachonga mawe. Mchongaji mmoja wa huko, Ombati, huniletea redio zake nizitengeneze. Mimi sikusomea umeme popote. Nilijifunza kwa vitabu vya zamani vya fizikia na kwa redio nilizoziharibu mwenyewe. Ombati aliwahi kuniambia kwamba alibaki na mashine ya gemu ya ujana wake, na kaseti moja tu, ya vifaru. Nilimpigia simu kuiazima, na nilipofika siku ya Alhamisi aliitoa kwa maringo kutoka kwenye rafu ya karakana yake, kati ya viboko na twiga wa mawe. Iling'aa kama iliyotoka kiwandani jana. "Nimekuandalia kama mzigo wa kwenda ng'ambo," alisema. Nilimshukuru sana. Nilirudi nyumbani nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana niliiunganisha na televisheni ya kichogo ya mama, niliyokuwa nimeihamishia kwangu. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Kioo kikabaki kijivu, hakina hata mstari mmoja. Mikono ilijua pa kuanzia. Kwanza televisheni: niliijaribu kwa king'amuzi, ikaonyesha habari vizuri. Kisha waya wa picha: niliubadilisha, hakuna tofauti. Adapta: niliipima kwa mita, ilikuwa ikitoa umeme unaotakiwa. Niliifungua mashine kwa bisibisi. Hakukuwa na kutu, wala mguu wa chombo chochote uliokatika.

Ikabaki kaseti. Safu yake ya meno ya shaba, yale yanayoingia kwenye mdomo wa mashine, iling'aa kuliko pete ya arusi. Niliweka ncha za mita juu ya jino moja moja, umeme ulipita. Hapo nikafanya jambo nisiloweza kulitetea kwa kitabu chochote cha fizikia: niliipuliza, kushoto hadi kulia, kama Mogaka. Kijivu.

Ikiwa meno ni mazima na umeme upo, basi ubongo wenyewe wa mashine umekufa, na huo hautengenezwi kwa bisibisi. Nilikuwa bado nimeinamia ubao wa saketi mama alipotokea mlangoni.

"Tata," aliniita, neno ambalo mama zetu hutumia kwa mtoto wa kiume akiwa na miaka miwili au hamsini, "jua linatua. Weka hiyo kitu chini."

"Dakika moja tu, mama."

"Sabato haina dakika moja."

Niliiacha imefunuliwa vilevile, nikaifunika kwa kitambaa cha meza. Kwetu hata ndizi za Jumamosi huchemshwa Ijumaa. Mtu hawezi kuikaribisha Sabato akiwa na bisibisi mkononi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kanisani na mashine nzima kichwani. Wakati wa mahubiri nilikuwa nikiipitia waya kwa waya, Mungu anisamehe. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na chombo cha maua cha mawe ya Tabaka, laini na cheupe. Mama mmoja aliinuka polepole kuongeza maji kwenye maua, na matone machache yakamwagika ubavuni mwa chombo. Hayakulowesha jiwe. Yalijikusanya yakawa shanga, yakateleza hadi chini kama juu ya jani la nduma.

Nilikaa wima.

Jiwe hilo likiwa tupu hunywa maji. Halinywi likiwa limepakwa nta. Na kila mchongaji wa Tabaka, akimaliza kazi, huiosha, huipiga msasa, huikausha, kisha huipaka nta na kuisugua hadi ing'ae. Hasa mzigo wa kwenda ng'ambo. Na nta haipitishi umeme. Mita yangu ilinidanganya kwa sababu ncha zake ni kali kama sindano. Zilitoboa nta na kugusa shaba, kumbe mdomo wa mashine hauna sindano, una vibati laini vinavyoteleza juu yake.

Bila shaka nilitamka kitu, maana mama alinigusa mkono. "Leo neno limekuingia," alininong'oneza kwa furaha.

"Limeniingia, mama."

Sikumbuki kama nimewahi kuusubiri mchweo kwa hamu kiasi kile tangu nilipokuwa mtoto. Nilitembea kati ya migomba, nikarudi, nikatembea tena. Jua lilipozama nilimpigia Ombati simu kabla hata ng'ombe hawajaacha kulia.

"Ombati, ile kaseti uliipaka nini?"

"Nta, ndugu yangu! Ile nzuri. Kwani haing'ai?"

"Inang'aa sana. Na yale meno ya ndani?"

"Hayo nilipaka mara mbili, yasishike kutu. Hata mdomo wa mashine niliupitisha kitambaa." Kisha akauliza, "Kwani nimeiua?"

"Hujaiua. Umeme ndio umeshindwa kupita."

"Eh! Kumbe nta yangu ni kali hivyo?" Alisema hivyo kwa fahari, siyo kwa majuto.

Jumapili asubuhi na mapema nilichukua spiriti ya kuoshea vidonda, pamba na mswaki mpya. Nilisugua jino moja baada ya jingine. Pamba ilitoka na utando mzito, mweupe kama uji wa jana, maana nta ilikuwa imechanganyika na vumbi la jiwe. Shaba ikapoteza ule mng'ao wa pete, ikawa na rangi yake halisi. Kwa mdomo wa mashine nilifunga kitambaa kwenye kipande cha kadi, nikakilowesha, nikawa nakiingiza na kukitoa mpaka kikatoka safi. Nikangoja vyote vikauke. Nikaisukuma kaseti ndani. Nikabonyeza.

Muziki! Ule mlio mfupi, mwembamba, kama jogoo aliyefungwa ndani ya kopo, ukajaa sebule. Vifaru viwili vikajipanga chini ya kioo, kimoja cheupe, kimoja cheusi. Niliruka. Mama alikuja mbio kutoka jikoni akidhani umeme umenipiga, akanikuta nacheka peke yangu sakafuni.

Mogaka alifika kabla ya saa sita, amevaa koti, ameshika mkate na majani chai, kama mgeni. Alisimama mlangoni. "Bwakire," alinisalimia kwa lugha ya kwetu. Nilimjibu, "Bwakire buya." Alitazama ukuta. Alitazama dari. Kisha akaisikia televisheni.

"Hicho ni nini?"

"Ingia uone."

Aliingia. Akasogea karibu, akainama, na kabla sijamzuia mkono wake ulikuwa umeshazima mashine, umechomoa kaseti, na mdomo wake umeshajiandaa.

"Usipulize!" nilimaka. "Mate yanaleta kutu."

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe. Ndiyo maana ilinichukua muda kujua ukweli."

Akacheka. Hakutaka kucheka, nilimwona akijizuia, lakini kicheko kilimshinda. Akavua koti, akaketi chini, akachukua kidhibiti cha kushoto bila kuuliza. "Wewe kaa kulia," alisema. "Na usihame."

Nilihama. Kiwiko kilikuja palepale, kizito zaidi kuliko zamani. Ngome ilianguka, tukalaumiana, tukaanza tena. Chakula kilipoa. Mama alituita, akatuita tena, mwishowe akatuletea sahani sakafuni, jambo ambalo utotoni lingetugharimu fimbo. Alasiri tulisikia gari la Nakuru likipiga honi barabarani.

"Mogaka," mama alisema, "gari lako linaondoka."

"Nimelisikia."

"Sasa utalala wapi?"

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Kwani hapa hakuna kitanda?"

Safu ile ya michai bado iko palepale, na siku ya kuipima itakuja na maneno yake. Lakini tutaipima tukiwa tumekula pamoja, na hilo kabla ya Jumapili ile sikuwa nalo. Watoto wa leo wana gemu nzuri kuliko zetu, sikatai. Picha zake zinapumua, na wanacheza na mtu wa Brazil wasiyemjua jina. Wakigombana naye wanabonyeza, anatoweka, anakuja mwingine. Enzi zetu hapakuwa na mwingine. Mogaka akinuna, basi siku hiyo hapakuwa na vifaru, na ilinibidi nimfuate shambani, nikae karibu naye nikichuma chinsaga upande wake bila kuambiwa, mpaka aseme mwenyewe, "Haya, twende."