Kebo Aliyoichomoa Chidawali

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa kitu chochote. Nilikuwa nimetoka Kondoa na cheti kipya cha ufundi wa kompyuta, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana, na nilitegemea kwamba kabla ya saa ya chai nitakuwa nimeshafungua mashine mbili tatu watu wakinishangaa. Mkuu wa Kitengo, mhandisi wa makamo aliyeanzia kwenye simu za waya, alinipeleka kwenye chumba kidogo cha ofisi yetu ya wakati ule, kule Makole, Dodoma, akanikalisha kwenye stuli mbele ya swichi. Swichi ni kile kisanduku kinachokutanisha nyaya za kompyuta zote za jengo.

“Niambie unachokiona,” alisema.

“Mtandao unafanya kazi vizuri, mzee.”

“Hicho ndicho unachodhani. Nimekuuliza unachokiona.”

Basi nikakaa pale hadi adhuhuri nikitaja taa: hii inawaka, hii imezima, ile inapepesa. Nilimchukia yule mzee, nasema kweli. Jioni nikamwambia dada yangu kwamba serikali imeniajiri kuangalia taa. Lakini ninyi vijana mnaosoma haya, mkijaliwa kupata bosi wa namna hiyo, mvumilieni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashine ikigoma usikimbilie kuizima na kuiwasha upya. “Ukiizima umemfukuza shahidi,” alikuwa akisema. Mashine nyingi huandika kwa muda tu yale yaliyozipata, na ukizima, maandishi yanaondoka pamoja na umeme. Watumiaji watakusifu kwa kuwa kazi imerudi, kisha wiki inayofuata ugonjwa nao unarudi.

Kutoka Makole nilihamishiwa Singida, chini ya Mkuu wa Kituo aliyeamini kuwa kila tatizo la kompyuta linatokana na vumbi. Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi zaidi. Huko nilizaa, nikajenga chumba na sebule, nikajifunza kubeba bisibisi kwenye pochi kama wenzangu walivyobeba wanja. Nilirudishwa Dodoma wakati wizara zinahamia na kila mtu mjini anatafuta kiwanja. Nikapangiwa ofisi inayoshughulika na viwanja na hati. Jina lake niachieni mwenyewe.

Huko ndiko nilikokutana na seva mwenyeji. Zamani kila kazi ilikuwa na seva yake, yaani kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine: ya ramani peke yake, ya malipo peke yake, ya hati peke yake. Kisha ukaja utaratibu wa kuchukua mashine moja yenye nguvu, ndiyo mwenyeji, na kuzigawa nguvu hizo, ndani yake zikaishi seva nyingi zisizo na mwili. Hizo za ndani tunaziita seva pepe. Makarani niliwaeleza hivi: ni nyumba ya kupanga. Wapangaji ni wengi, kila mmoja na chumba chake, ila mlango wa kutokea barabarani ni mmoja, na mlango huo ndio kadi ya mtandao. Ukikwama, wapangaji wote wako hai, wanapika, wanafua, lakini hakuna anayetoka wala anayeingia. Kwa kuogopa hilo tuliweka kadi mbili, ili ya kwanza ikifa mashine yenyewe ihamishie wapangaji kwenye ya pili. Ndivyo alivyotuahidi aliyetuuzia.

Msaidizi wangu alikuwa Chidawali, Mgogo wa Mkonze, baba wa watoto watatu. Alikuwa mpole, anaongea polepole, na kila asubuhi alinisalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amejitolea katika ofisi za watu miaka mingi bila mshahara kabla ya kuajiriwa, na sasa alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, akisubiri kuthibitishwa kazini. Asiyewahi kusubiri kuthibitishwa hajui maana ya kumwamkia kila mtu hadi mlinzi wa getini.

Mtandao ukaanza kuanguka. Haukuanguka asubuhi, ulianguka mchana, zamu ya Chidawali, kaunta zikiwa zimejaa watu waliotoka mbali na bahasha zao kwapani. Makarani waliwaambia, “Sistimu iko chini,” na watu wakawaka. Mwanzoni ofisi nzima ilifanya mzaha kwamba Chidawali ana mkosi. Mzaha haukudumu. Kuna waliosema kwamba madalali wa viwanja wanamlipa azime mtandao, ili wanaochoka kusubiri watafute njia ya uchochoroni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetumwa Singida kufunga mashine za tawi letu. Siku moja mtandao ukiwa chini, Afisa Utumishi alifungua ghafla mlango wa chumba cha seva, akamkuta Chidawali ameshika kebo ya mtandao mkononi.

“Umechomoa?”

“Ndiyo, bosi, nimechomoa.”

Yakaishia hapo. Alinyang’anywa ufunguo wa chumba mbele ya makarani, akapelekwa masijala kupanga majalada, na suala la kuthibitishwa likasimamishwa hadi kamati ikae. Kila mtu alijua kamati ingesema nini. Niliporudi, Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa amechoka kupigiwa simu.

“Bi. Zuhura, naomba maoni yako ya kitaalamu kabla kamati haijakaa.”

Afisa Utumishi alikuwa pale, miguu amekunja nne. “Maoni gani tena, mzee? Lisemwalo lipo. Na huyu amekiri kwa kinywa chake.”

Nilikwenda masijala. Chidawali alisimama, “Shikamoo mama,” kisha akainamisha macho. Alikuwa amekonda. Niliona aibu kumwangalia, maana mtu mzima aliyeaibishwa ni mzito kuangalia.

“Marahaba. Ulichomoa kebo?”

“Nilichomoa, mama.”

“Ulipochomoa, ikawaje?”

Akainua uso kana kwamba nimemtaja jina la ukoo. “Mtandao ulirudi.”

“Ulirudi?”

“Kila mara, mama. Ukianguka, nikichomoa ile ya kadi ya kwanza, unarudi. Sijui kwa nini. Niligundua kwa kubahatisha tu. Na waliponinyang’anya ufunguo niliwaambia hivyohivyo, kwamba nikichomoa unarudi. Wakasema, ‘Aa, kumbe huwa anachomoa!’ Sikujua niseme nini tena.”

“Na mchana, kazi yako ni ipi?”

“Nakala rudufu, mama. Nanakili seva zote, kama ulivyonielekeza.”

Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kazi ya nakala ni nzito. Inapitisha kwenye kadi mzigo ambao kaunta haziwezi kuupitisha. Zamu ya asubuhi haikuwa na kazi hiyo. Mwenye mkosi alikuwa ndiye mwenye mzigo. Na tangu apelekwe masijala hakuna aliyenakili, ndiyo maana mtandao ulikuwa umetulia.

Lakini kudhani si kuona. Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, niliingia peke yangu nikaanzisha nakala, nikasubiri. Hakuna kilichoanguka. Nikarudia, wapi! Jumatatu Afisa Utumishi alinisalimia kwa furaha ambayo haikuwa na sababu nyingine ila kushindwa kwangu. Nilielewa kwamba bila watu kwenye kaunta mzigo haukutosha, na kwamba nisipoiangusha mashine mbele ya mashahidi, mtu atapoteza kazi kwa kuitengeneza. Nikamwendea Mkurugenzi.

“Naomba ruhusa ya kuuangusha mtandao, mzee. Mchana, kaunta zikiwa zimejaa.”

“Bi. Zuhura, una akili timamu? Niwaambie nini wananchi?”

“Waambie wanisubiri kidogo. Wamesubiri mengi kwetu. Na Chidawali akae kaunta, watu wote wamwone.”

Alizima simu yake iliyokuwa ikiita, akakubali.

Tukaingia chumba cha seva sisi watatu: Mkurugenzi, Afisa Utumishi na mimi. Niliwazungusha nyuma ya mashine, nikawaonyesha kadi mbili, kila moja na kebo yake na kitaa chake cha kijani. Nikaanzisha nakala. Tukasimama pale baridi ya kiyoyozi inatupiga. Niliogopa, sifichi. Kama isingeanguka siku ile, nisingepewa ruhusa nyingine, na Chidawali angerudi Mkonze kuwaeleza wanawe.

Kisha kelele zikaja kutoka kaunta. “Sistimu! Sistimu tena!”

Chidawali alikuwa kule, amekaa mikono mezani mbele ya umati mzima.

Niliwazuia wasiguse kitu. “Semeni mnachokiona kwenye kadi ya kwanza.”

“Taa ya kijani,” alisema Mkurugenzi.

“Basi ni nzima,” Afisa Utumishi akadakia.

“Ndivyo na mashine inavyodhani,” nikasema. Nikawaonyesha kwenye skrini: kadi ile haikuwa ikipitisha chochote, si kutoa, si kupokea. Ilikuwa imezirai macho wazi. Na mashine yetu ilikuwa imepangwa kuangalia taa tu; taa ikiwaka inaamini mlango uko wazi, haihamishii wapangaji kwenye kadi ya pili. Ili ihame, lazima taa izimike. Na ili taa izimike, lazima mtu achomoe.

“Afisa Utumishi,” nikasema, “naomba uchomoe ile kebo.”

“Mimi?”

“Chomoa, bwana,” Mkurugenzi akasema.

Akachomoa. Kabla hatujapumua, mlango ukafunguliwa. Alikuwa karani wa kaunta ya malipo, amekuja mbio. “Wazee, mtandao ume—” Akasita. Alimwona Afisa Utumishi amesimama nyuma ya seva, kebo mkononi, akaiangalia ile kebo, akamwangalia usoni.

“Ume nini?” Mkurugenzi akamuuliza.

“Umerudi, mzee.”

Mkurugenzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Afisa Utumishi hakucheka, lakini nampa haki yake: alikwenda kaunta na kebo bado mkononi, akamwambia Chidawali mbele ya makarani na wananchi, “Ndugu yangu, nilikukosea. Nisamehe.” Chidawali alijibu, “Yamekwisha, bosi,” akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya jengo analia kama mtoto, nami nikasimama naye.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo. Kila kadi ina programu ndogo inayoiendesha, sisi tunaiita draiva, na baada ya mashine kusasishwa, draiva mpya haikuelewana na kadi yetu ikielemewa. Shahidi alikuwa bado ndani kwa kuwa hatukuzima. Maandishi ya mashine yalisema yote. Nikaweka draiva inayolingana, kisha nikaipanga mashine iwe inapiga hodi hadi kwenye swichi, upande wa pili wa kebo, na kungoja jibu, isitosheke na taa. Haikuanguka tena kwa sababu ile. Chidawali akathibitishwa.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Miyuji, nina mizabibu michache inayonipa kazi kuliko seva zote, na wajukuu wanaoniletea simu zao mbovu wakidhani bibi anajua kila kitu. Nimeridhika. Wenzangu wengi waliondoka kazini na vyeo, mimi niliondoka na usingizi mzuri. Nikiulizwa kazi ile inataka nini, sisemi hesabu wala Kiingereza. Nasema inataka mtu asiyeona haya kuuliza swali la pili, hata kama la kwanza limemridhisha kila mtu chumbani. Mashine utaibadilisha kesho. Mtu ukishamvunja, draiva yake huipati popote.

Juzi nilikwenda ofisini kufuatilia hati ya kiwanja changu. Nilipanga foleni kama wananchi wengine, nikahudumiwa, kisha nikapita kusalimia. Nilifika mlango wa chumba cha seva nikajikuta napapasa kwenye pochi kutafuta ufunguo ambao si wangu tena. Nikacheka peke yangu, nikapiga hodi.

“Karibu, mama,” alisema Chidawali akifungua. Ufunguo aliokuwa amenyang’anywa ulikuwa unaning’inia shingoni mwake.